Chura Amepita Kwenye Kona ya Harlan

Watu wa Ottley walimwona Lorraine Puckett Jumapili ile amepiga magoti kwenye ubao mtupu mbele ya madhabahu, wenzake kulia na kushoto wakiwa juu ya mito mipya ya bluu, wakadhani ni unyenyekevu. Baadhi yao walimsifu baadaye, wakimshika mkono penye meza ya chakula. Haukuwa unyenyekevu. Ilikuwa hasira, naye aliipeleka pale kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Chanzo ni sindano. Wanawake wa kanisa lile dogo la mawe walikuwa wamekubaliana kutarizi mito ya kupigia magoti wakati wa komunyo, kila mmoja mto wake, nyumbani kwake, kwa wakati wake. Rangi ya nyuma iwe bluu ile ile kwa wote, na katikati kila mtu atie ndege wa bondeni kwao anayempenda. Lorraine alimchagua yule mwekundu anayekuja kwenye dirisha la jikoni theluji ikianguka, mwenye kishungi kilichosimama kama cha mtu aliyeamka vibaya.

Ni kazi isiyotaka haraka. Unakaa karibu na dirisha, turubai yenye vitundu imewambwa kwenye fremu, uzi wa sufu kwenye sindano butu, na unajaza vitundu kimoja kimoja kwa mishono midogo inayolala mshazari. Lorraine aliipenda kazi hiyo tangu alipokuwa bibi harusi, kama wengine wanavyopenda kuvuta sigara: iliipa mikono shughuli na kuuacha moyo uende unakotaka. Watoto walikuwa wamehamia miji ya mbali, na yapo mawazo ambayo mtu hawezi kuyawaza akiwa na mikono mitupu.

Sheria kubwa ya kazi hiyo ni moja: mishono yote ilale upande mmoja, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Ukilaza michache kinyume, itaonekana kama nyasi zilizofyekwa vibaya. Rangi haibadiliki, ila mwanga unakataa kukaa juu yake sawasawa. Mshonaji akikosea hivyo hufumua. Na kwa kuwa katika lugha ya watu wale neno la kufumua likitamkwa husikika kama mlio wa chura, wenyewe hawasemi wamefumua. Husema chura amepita. Utamsikia mmoja akilalamika kwamba jana chura alipita kwake akaondoka na bawa zima, na wenzake wakampa pole kama wa msibani.

Kwa Lorraine chura alikuwa mgeni wa siku zote. Hakuwahi kuacha mshono mbaya ulale. Mpaka Harlan aliposhika sindano.

Harlan, mumewe, maisha yake yote aliendesha lori la wilaya la kuchora mistari ya barabara. Mstari wa njano unaopanda mlimani kutoka Ottley ni wake, na alizoea kujisifu kwamba hakuna mwanamume bonde zima aliyefuatwa na watu wengi kama yeye. Kisha kiharusi kikamshika upande wa kulia. Mkono ukalegea, ulimi ukawa mzito, na mzaha, ambao ndio uliokuwa chakula chake, ukakauka. Akaacha kutoka nje. Hakutaka watu wamwone akitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mifukoni. Mtaalamu wa viungo alimpa mpira wa kuminya. Aliuminya kwa adabu mbele ya mtaalamu, na gari lilipoondoka akampa mbwa.

Alasiri moja Lorraine alikuwa nje akifagia theluji mlangoni. Aliporudi ndani alimkuta Harlan amejivutia fremu magotini, ulimi umebanwa kati ya meno, anashona. Alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto, kwenye kona ya chini ambako hapakuwa na picha ya kuharibu, bluu tupu. Na kila mshono ulikuwa umelala kinyume.

"Usinitazame," Harlan akasema.

Ndilo neno alilolisema waziwazi kuliko yote tangu augue. Mkono wa Lorraine ulikuwa tayari umekwenda wenyewe kwenye mkasi wake mdogo wenye umbo la korongo. Aliushika, akaurudisha mezani, akasema anakwenda kuchemsha kahawa.

Toka siku ile kona ikawa ya Harlan. Walikaa magoti yao yakigusana, Lorraine akimvisha ndege manyoya, Harlan akisukuma bluu yake pembeni, na maneno yakaanza kurudi, moja moja, yakija na uzi. Kwanza yalikuwa malalamiko: tundu ni dogo, sindano ina roho mbaya. Kisha siku moja aliinua turubai kwenye mwanga, akaona kipande chake, ukubwa wa kiganja, kinavyong'aa tofauti na sehemu zote, kama kivuli cha kitu kisichokuwepo.

"Mama," akasema, "huu ndio mstari wangu wa mwisho, na nimeuchora upande mbaya wa barabara."

Lorraine alicheka mpaka akalazimika kuweka sindano chini. Alikuwa hajasikia mzaha ndani ya nyumba ile tangu majani ya miti yalipopukutika.

Harlan alikuwa na rafiki mmoja aliyeendelea kuja kumtembelea, Dub Sayers, kinyozi wa mjini. Akamwambia Dub kwamba Jumapili ya kubariki mito atakwenda kanisani kwa miguu yake, na Dub aje naye, na wakifika mbele atazame mto wa ndege mwekundu, chini, upande wa kushoto. Dub hakuwa ameingia kanisani tangu alipofunga ndoa.

"Mimi na kanisa tuliachana kwa amani, shemeji," alimwambia Lorraine mlangoni akiondoka. "Lakini kuiona kona ya huyu bwana nitakwenda, hata radi inipige."

Kazi ilipokwisha Lorraine aliipeleka turubai kwa Cornelia Bassett, aliyesimamia shughuli nzima, ili yote yapelekwe pamoja kwa fundi wa kujaza na kuvalisha. Hakumweleza habari ya kona. Hakuona kuna la kueleza. Mto ulikuwa na ndege, ulikuwa na bluu, na ndani ya bluu ile alikuwamo mumewe.

Ijumaa kabla ya ibada walikwenda wanawake wachache kuipanga mito mbele ya madhabahu. Lorraine aliutambua wa kwake tangu mlangoni. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye kona. Akadhani amekosea upande, akaugeuza mto, akajaribu kona nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa laini, zote zimelala upande mmoja kama sala iliyokaririwa.

"Umetokea vizuri, kwa kweli," mmoja wa wanawake akasema nyuma yake. "Bi Cornelia amekuhangaikia sana."

Jinsi alivyolisema, kwa ile sauti ya kumpapasa mgonjwa, Lorraine alijua kwamba wote walikuwa wakijua. Alisimama. Aliuchukua mto, akaukumbatia kama mtoto aliyetolewa kisimani, akapita katikati yao hadi kwenye gari.

Nyumba ya Cornelia iko mwanzo wa mtaa wa juu, na kila kiti humo kina mto uliotariziwa, na kila mto una mbwa wa kuwindia au ua. Mwenyewe alifungua akiwa na miwani shingoni. Lorraine hakuketi. Aliuweka mto juu ya meza, akamwuliza nani amepita kwenye kona.

Cornelia alifunga mlango wa sebule kwanza, ingawa walikuwa peke yao.

"Tusilizungumze kwa sauti," akasema. "Nilijua ni macho, mpenzi wangu. Hata mama yangu yalimwanza hivyo. Nimeifumua mwenyewe na nikashona upya, siku mbili nzima, mgongo wangu mpaka leo. Sikumwambia mtu. Yaani, nimewaambia wachache tu, ili wasikuulize. Nilikuwa nakusitiri."

"Sikukuomba stara."

"Huombi. Mwenzako anakufanyia."

"Macho yangu ni mazima, Bi Cornelia. Kona ile ni ya Harlan. Alishona kwa mkono aliobakiwa nao."

Hapo, kama Cornelia angesema tu kwamba hakujua, mambo yangekwisha. Lorraine mwenyewe alilifikiria hilo siku nyingi baadaye, akipanda na kushuka nalo. Mwanamke yule hakuwa mbaya. Alileta supu Harlan alipolazwa, na ilikuwa supu nzuri. Lakini Cornelia aliishika miwani, akaifuta, akaona aibu, na kwa kuwa hakuzoea kuona aibu akaigeuza kuwa sheria.

"Basi ndiyo zaidi," akasema. "Namwonea huruma Harlan, Mungu anajua. Lakini ule ni mto wa madhabahu. Si zoezi la hospitali. Watu watakaopiga magoti pale miaka mia ijayo hawatajua habari za mumeo. Wataona kosa tu."

Lorraine alihisi damu ikimpanda mpaka masikioni. Alitaka kuuliza ni nani anayekwenda kupiga magoti pale akiwa hana kosa. Alitaka kuuliza mengi. Ila macho yake yalikuwa yameshaangukia dirishani, penye ile chupa ya kioo ambayo washonaji wote wa kwao wanayo, ya kutupia ncha za nyuzi. Juu kabisa ya chupa ya Cornelia palikuwa na fungu la bluu. Uzi wa sufu ukifumuliwa haunyooki; hubaki na mawimbi ya mishono yake, kama nywele zilizofumuliwa kutoka kwenye misuko. Kila wimbi mle lilikuwa pumzi moja ya Harlan, ulimi kati ya meno.

Alifungua chupa, akatoa fungu lile, akalitia mfukoni.

"Hizo ni takataka tu, Lorraine," Cornelia akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," Lorraine akasema. "Na mtu hutupa takataka zake, hatupi za mwenzie."

Njiani aliendesha polepole kando ya mstari wa njano. Lililokuwa likimtesa halikuwa Cornelia tena. Alikuwa akijiuliza atamwambiaje Harlan. Alimwona tayari akirudi kwenye kiti chake cha dirishani, akinyamaza, akimpa mbwa kila kitu anachopewa. Alifikiria kumdanganya, kumwambia fundi wa kujaza mito ndiye aliyeharibu. Lakini ni uongo uliomfikisha hapo, uongo wa watu wema wanaositiri, na hakutaka kuongeza wa kwake.

Basi alimpa mto, akamweleza yote, akakaa.

Harlan alipitisha kidole gumba cha kushoto juu ya kona, jinsi alivyokuwa akipima kama rangi ya barabara imekauka. Mbwa alikuja, akanusa, akaondoka.

"Imenyooka," akasema mwishowe. "Barabara nzuri. Siyo yangu."

Lorraine akatoa lile fungu la uzi, akaliweka kiganjani mwake. Harlan akalitazama, akalitikisa kidogo.

"Umeniletea maiti," akasema. Mdomo wake ukapinda upande mmoja, na ilichukua muda Lorraine kujua kwamba anacheka. "Lete koleo."

Chini ya mto fundi alikuwa ameuziba kwa kitambaa cheusi kilichopigiliwa misumari midogo. Harlan aliuweka mto kati ya magoti, akaanza kuing'oa kwa mkono mmoja, akihema. Lorraine akamkumbusha kwamba Jumapili ni keshokutwa, na kwamba kona ile aliishona majira ya baridi yote.

"Basi hautakwisha," Harlan akasema. "Mimi sendi kuonyesha watu kona ya Cornelia. Nitakwenda mikono mitupu. Wewe chukua mkasi wako. Chura apite tena."

Walifumua pamoja mpaka kona ikabaki vitundu vyeupe.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji alibariki mito kwa maji, mmoja baada ya mwingine, na alipofika penye pengo la mto wa Lorraine alisita, akanyunyiza ubao pia, labda kwa mazoea. Watu walipoitwa mbele Lorraine alikwenda moja kwa moja kwenye pengo lile akapiga magoti. Ubao ulikuwa mgumu na wenye baridi. Harlan, ambaye hawezi kupiga magoti, alisimama nyuma yake na fimbo yake, Dub Sayers akimshika kiwiko, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona tangu augue, na kanisa lilikuwa limenyamaza kwa namna ile ya watu wanaojitahidi kutotazama.

Kwenye mto wa pembeni yake alikuwa Cornelia. Aliinama kidogo.

"Lorraine," alinong'ona, "mto uko wapi?"

Lorraine alifungua mdomo, lakini jibu lilitoka juu ya kichwa chake, zito, polepole, kila neno likivutwa kama uzi kwenye tundu dogo, na likasikika mpaka viti vya nyuma.

"Barabara imefungwa, Bi Cornelia," Harlan akasema. "Wachoraji wako kazini."

Dub alikohoa ndani ya kiganja chake. Mahali fulani nyuma mtu alishindwa kujizuia, kisha mwingine. Cornelia aliinamisha uso, na shingo yake ikawa nyekundu kuliko ndege.

Lorraine hakucheka. Magoti yalikuwa yanamuuma, na ndani yake hasira ilikuwa bado imelala mshazari, kinyume na kila kitu kingine pale. Alijua ni wajibu wake kusamehe kabla ya kupokea. Mchungaji akafika, akauweka mkate kiganjani mwake, na yeye akaula hivyo hivyo.