Suti ya Sufu Ukweni Kipili

Nilijiapiza habari hii niende nayo kaburini, lakini watu wa Kipili, kule ziwani, wameshaisimulia mpaka imepanda huku kwetu Sumbawanga, na kila anayeipokea anaongeza chumvi yake, kwa hiyo acheni niiseme mwenyewe. Ni kweli, nilivuliwa nguo nyumbani kwa wakwe nikabaki na bukta, na aliyekuwa akinipepea kwa ungo ni binti yuleyule tuliyekwenda kumposa.

Mimi ndiye niliyekuwa mshenga. Deo, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa amempata Anjela, binti wa wavuvi wa Kipili, ukoo ukanituma nikaseme, nifuatane na dada yangu Skolastika. Asubuhi ile hapa Milanzi, Sumbawanga, kulikuwa na baridi yetu mnayoijua, nami nikavaa suti ya sufu, tai, na ndani yake sweta (ndiyo, sweta). Dada akaniangalia.

"Kaka, ziwani joto halijakatika wiki ya tatu sasa, hata kulala hawalali. Chukua shati jepesi."

Nikamjibu kwamba mshenga haendi ukweni amevaa kama anakwenda kuanika dagaa.

Tulikodi gari, na kadiri tulivyoteremka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito na ya majimaji, kama umeinamia sufuria ya ugali. Dada alinipa chupa ya maji mara tatu, mara tatu nikakataa, kwa sababu moja ya kijinga ambayo sikumwambia: sikutaka kuulizia choo katikati ya posa.

Tulifika jua la utosi. Mama Anjela akatupokea vizuri, akaleta jagi la maji.

"Karibu baba, vua koti upate hewa. Siku hizi hata sisi wenyeji saa hizi hatutoki nje."

"Ahsante mama, niko sawa."

Sikuwa sawa. Kichwa kilikuwa kinagonga, ila jasho lilikuwa limeanza kukauka, nami nikajipongeza kwamba mwili umeshazoea.

Nikasimama kusema. Maneno yangu nilikuwa nimeyafanyia mazoezi siku mbili, lakini yaliyotoka sijui yalitoka wapi: "Tumekuja kumchumbia... huyu hapa, Mama Anjela." Mtu mmoja akacheka. Nami, badala ya kujirekebisha, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikimnyooshea kidole mama wa watu mbele ya mumewe, huku nayumba, nikashika pazia nijiegemeze, nikashuka nalo.

Baba Anjela akainuka. "Huyu amelewa! Mmetuletea mlevi nyumbani kwetu?"

Dada Skolastika aliinama tu (aliniambia baadaye, akilia, kwamba hata yeye alidhani nimeficha kichupa mfukoni), na posa ya Deo ikawa inavunjika pale pale, mimi nikienda chini taratibu kama gunia.

Mama Anjela peke yake ndiye aliyenisogelea. Akaweka kiganja shingoni kwangu.

"Hajalewa! Anaungua huyu! Mtoeni nje kivulini, upesi!"

Yaliyofuata nimehadithiwa. Koti, sweta, shati, suruali, vyote vikatoka, ndoo za maji zikamwagwa, Anjela akapepea. Mtu akataka kuniwekea kikombe mdomoni, Mama Anjela akampiga mkono: "Atapaliwa! Ngoja kwanza akili imrudie." Kisha wakanipakia kwenye gari letu mpaka zahanati, nikatundikiwa dripu, na mganga akasema tungechelewa kidogo dada angerudi Sumbawanga na habari nyingine.

Jioni Mama Anjela akaja na uji. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Baba, mdogo wangu alianguka pale tunapoanika dagaa, kipindi cha joto kama hili. Alikuwa anayumba, anasema ovyo. Watu wakasema amelewa, mwacheni alale pombe imtoke." Akawa anakoroga uji ambao ulishapoa. "Na mimi nilipita. Nilimwona, nikaona aibu, nikapita. Tukamzika. Alikuwa hajaonja kitu."

Nilikunywa ule uji wote, nikiwaza ni wangapi niliowapita mimi, pale sokoni kwetu, nikatikisa kichwa na kwenda zangu.

Kesho yake Baba Anjela alikuja mwenyewe, akaniomba msamaha, akasema posa wameipokea, "ila siku ya mahari, mkwe, utaje jina la binti, si la mke wangu." Nilicheka mpaka dripu ikauma.

Sasa nikishuka ziwani navaa shati la mikono mifupi, nakunywa maji kabla kiu haijanishika, na nikifika kwa watu swali langu la kwanza, baada ya salamu, ni choo kiko wapi. Sioni haya tena. Na nikimwona mtu anayumba juani siulizi kanywa nini. Namwendea, naweka mkono shingoni kwake. Wengi ni walevi kweli, wananitukana vibaya sana. Natukanwa, namvuta mtu kivulini, ndipo naendelea na safari yangu.