Kazi ya Kuanguka

Alikuwa amefundisha michezo shuleni kwa miaka thelathini, na alipostaafu alipata kazi ambayo aliona haya kuwaambia watu: kuanguka. Kampuni moja ilikuwa ikitengeneza vihisi, vidude vyeupe vya kubandika ukutani, ili mzee akianguka nyumbani simu ya mwanawe ilie. Sasa kidude lazima kifundishwe kuanguka kukoje. Basi kila asubuhi Mwalimu alivaa pedi za magoti na nyonga, akaingia kwenye chumba kilichopangwa kama cha kulala, akaanguka. Kutoka kitandani. Kwenye zulia. Akitoka chooni, huku mhandisi akimtazama nyuma ya kioo.

"Hiyo nzuri, Mwalimu. Rudia, ila kwa ubavu wa kushoto."

Kazi ile ilimharibia macho. Sokoni hakuona tena nyanya, aliona miguu: nani anaiburuza, nani anageuka haraka mno. Nyumbani ndiko kulikokuwa na kibarua zaidi, maana aliishi na mama mkwe wake, bibi wa miaka themanini na tatu aliyetembea kwa kushikashika makabati. Mwalimu aliondoa mazulia yote, akawa anamfuata hadi jikoni.

"Mkwe wangu, unanifuata kama askari kanzu," bibi alimwambia. "Hebu kaa, unywe chai."

"Nimekaa, Mama."

"Umekaa mwili tu. Roho iko mlangoni."

Mwishowe aliomba kidude kimoja cha majaribio, akakibandika sebuleni apate kupumua.

Jumamosi moja mchana alikuwa anaanika nguo uani. Simu ilikuwa kimya mfukoni, na kimya chenyewe hakikumkalia vizuri. Aliacha shuka likining'inia nusu, akaingia ndani. Bibi alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, pazia mkononi. Magoti yalikuwa yamemwishia nguvu, akashika pazia, akateremka nalo polepole. Juu yake kidude kilikuwa kinawaka taa ya kijani, ya mambo shwari.

"Nimekuita," bibi alisema taratibu, "sauti haikutoka."

Hakuvunjika popote. Daktari alisema presha ilishuka, akabadilisha dawa. Lakini Jumatatu Mwalimu alifika kazini na pazia kwenye mfuko.

"Leo sianguki," alimwambia mhandisi. "Leo nateremka."

"Huko si ni kuketi, Mwalimu?"

"Mama mkwe wangu aliketi hivyo hivyo, akashindwa kuinuka wala kuita. Washa mashine."

Aliteremka mara arobaini siku ile, kwa pazia, kwa shuka, kwa mlango wa kabati. Mashine haikusema kitu. Kesho yake akaanza upya, na wiki iliyofuata pia, hadi magoti yakavimba.

Mwezi wa tatu tangu aanze kuteremka ndipo kengele ya mashine ilipolia. Mhandisi alipiga makofi. Mwalimu hakungoja hata kuinuka. Alitoa simu akiwa pale pale chini, akapiga nyumbani.

"Uko wapi, Mama?"

"Kitini. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Usisimame mpaka nifike."