Jiko Lililomsubiri Mgeni Rasmi

Mwanahawa, muuza khanga wa soko la Kasulu ambaye mji mzima unamwita Mama Firdausi, ana adui mmoja tu duniani, na adui huyo anaitwa mgeni rasmi. Usimtajie. Ukimtajia atakukata jicho, atakunja khanga aliyokuwa anakuonyesha, kisha atakuuliza: hivi sisi watu wa kujitolea, tunajitolea kwa ajili ya nani?

Ana haki ya kuuliza, maana yeye yumo katika klabu ya Tushikane tangu inaanzishwa. Wamo walimu, mafundi, waendesha bodaboda na wauza duka, Waislamu kwa Wakristo, na kazi wanazifanya kweli. Wamefagia soko, wamechangia damu, wamepanda miti. Ila jamani, kila kazi lazima ianze na fulana! Walipokwenda kupanda miti njia ya Heru Juu, miche ilinyauka juani huku watu wazima wakigombania saizi. Na kila kazi lazima imalizwe na mgeni rasmi, asimame, akate utepe, apigwe picha, aondoke. Mwanahawa alikuwa akinuna tu na kunyamaza.

Lakini la jiko hakuweza kulinyamazia. Jiko lilikuwa lake. Miaka ya nyuma mama yake mzazi alilazwa kituo cha afya, katikati ya masika, na kituoni pale chakula cha mgonjwa hupikwa na ndugu zake, nje, juu ya mafiga matatu. Asubuhi moja mama alisema, "Mwanangu, nina hamu ya uji." Mwanahawa akatoka akapuliza kuni mbichi kwenye manyunyu mpaka macho yakavimba. Uji ulipoiva, mama alikuwa hauhitaji tena. Hadi leo uji haupiti kooni mwake.

Kwa hiyo siku aliposimama kikaoni akasema, "Tuwajengee wauguzaji banda la kupikia," hakuna aliyethubutu kumpinga. Fundi Tharsisi alijenga kwa matofali ya kuchoma bila kudai hata soda. Wanawake walisomba mchanga. Bati alitoa Twalibu, mwenyekiti wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na tumpe haki yake, alitoa bati nzuri. Lakini mwenyekiti huyo huyo akaja na ndoo za rangi nyeupe, akaamuru ipakwe ndani, kuta zote. Nyeupe! Ndani ya jiko la kuni! Mwanahawa alidhani anatania.

Hakuwa anatania. Rangi ilipokauka Twalibu akafunga mlango kwa kufuli, akakingamisha utepe mwekundu mlangoni, na akatangaza kwamba banda litafunguliwa na mkubwa mmoja kutoka mkoani. Atakuja Alhamisi. Alhamisi hakuja, ana kikao. Basi Jumamosi. Jumamosi gari limeharibika. Basi mtatangaziwa. Na mvua nazo, hizo hazikusubiri kutangaziwa, zikaanza kunyesha asubuhi na jioni, milima yote ikawa ukungu na matope.

Siku moja Mwanahawa alikwenda kituoni kupeleka sabuni kwa mgonjwa wa jirani yake. Nyuma ya lile banda jipya, kati ya wauguzaji wengine waliojibanza na masufuria yao, akamkuta mzee mmoja amechuchumaa, turubai kichwani, anapuliza moto usiotaka kuwaka.

"Mwakeye, mzee," alimsalimu.

"Mwakeye, mama." Mzee aliitwa Havyarimana, mkulima wa muhogo na maharage, na mkewe Uwimana alikuwa amefanyiwa upasuaji. "Daktari kasema dawa asimeze tumbo tupu. Jana nilimpelekea uji, akatapika wote. Ulikuwa mbichi." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Mimi sijawahi kupika, mama. Yeye ndiye mpishi. Na leo moto wenyewe ndio huu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye bati zile nzuri, yakaingia moja kwa moja kwenye sufuria yake. Mwanahawa akatoa simu, akampigia Twalibu.

"Mwenyekiti, ufunguo uko wapi?"

"Mama Firdausi, vuta subira. Wiki hii hii anakuja."

"Kuna mgonjwa hajala!"

"Najua, inauma. Lakini moshi ukiingia mle, rangi yote kwisha. Sasa mgeni akija tutamwonyesha nini?"

"Utamwonyesha jiko, Twalibu! Jiko! Ulidhani umejenga nini, ukumbi wa harusi?"

Akakata simu. Presha ilikuwa imempanda mpaka masikio yanavuma. Akaokota jiwe kubwa, akaurarua ule utepe, akaanza kuligonga kufuli. Likagoma. Kati ya vitu vyote vilivyowahi kutoka duka la Twalibu, kilichokuwa imara ni hicho kimoja! Akagonga tena, akilitukana matusi ambayo mke wa watu hapaswi kuyajua, hadi kufuli likabaki zima lakini komeo likang'oka mbaoni pamoja na misumari yake. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

"Ingia, mzee," alisema, akihema. "Ingieni wote!"

Wakaingia na masufuria yao, na mafiga, na kuni. Mwanahawa mwenyewe akakoroga ule uji, yeye asiyeweza hata kuunusa, na machozi yakamtoka, akasema ni moshi. Uwimana alikunywa kikombe kizima. Hakutapika.

Kufikia kesho yake asubuhi kuta zilikuwa na masizi hadi darini. Twalibu alikuja, akachungulia, akashika kiuno. Hakugomba sana, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mwanahawa. Alisema tu, kwa sauti ya masikitiko, "Umetuvunjia heshima. Wanachama wanasema utoke kwenye klabu, au upake rangi upya kwa mkono wako."

"Nitapaka. Wakishamaliza kupona wote."

Hawajamaliza kubishana, simu ya Twalibu ikalia. Mgeni rasmi anaelekea Kibondo, kasema apitie sasa hivi, yuko njiani. La haula! Twalibu akatimua mbio kutafuta rangi, utepe na mkasi. Aliporudi, mkasi kwenye sinia lenye kitambaa na ndoo mkononi, gari lilikuwa limeshaegeshwa. Mgeni ameshashuka, ameona mlango uko wazi na moshi unatoka, ameinama na kuingia peke yake.

Mwanahawa alikuwa ndani. Alimwona yule bwana mwenye suti akisimama katikati ya masufuria, anapangusa macho, hajui aende wapi. Hapakuwa na kiti, wala maikrofoni. Havyarimana aliinua kichwa kutoka kwenye sufuria yake, akasogea kumpisha kando ya moto.

"Karibu, mwanangu," alisema kwa upole. "Pole sana. Wako amelazwa wodi gani?"

Wanawake wakaacha kukoroga.

"Mimi sina mgonjwa, mzee," alisema mgeni rasmi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekamatwa mahali asipopaswa kuwa.

"Yoo! Basi shukuru Mungu." Mzee akaitazama suti yake, akaitazama mikono yake. "Kama huna mgonjwa, nisogezee hizo kuni. Mgongo umekataa leo."

Yule bwana akainama, akazisogeza. Moja ikamchafua shati, hakujipangusa.

Twalibu alifika mlangoni anatweta, sinia mkononi, akaona kuta, akaona shati la mgeni wake. Akamsogelea Mwanahawa, akanong'ona, "Mama Firdausi, sasa huu mkasi tunaufanyaje?"

Mwanahawa alichukua mkasi kwenye sinia, akakata kona ya pakiti ya sukari, akampa Havyarimana. Uji wa Uwimana ulikuwa umeanza kuchemka.