Siku Fimbo ya Gofu Iliponigandia Ukweni

Afadhali mnisikie mimi kabla ya watu wa Kikima, maana wao wanatia chumvi: ndiyo, nilisimama mbele ya wakwe na wazee wetu fimbo ya gofu ikiwa imeganda kwenye suruali yangu, katikati ya mapaja, na hapana, sikuwa nimelewa.

Babake Mwikali, mchumba wangu, alistaafu kazi Nairobi akarudi Mbooni na mfuko wa fimbo za gofu, na kila asubuhi hupiga mipira kutoka shamba la juu (mpira ukiruka matuta yote unaishia kwenye maharagwe ya jirani). Fimbo anayoipenda zaidi iling'oka kichwa wiki mbili kabla hatujampelekea mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza wa kuonyesha kwamba binti amepata mtu. Akanitazama. "Injinia, miaka mitano chuoni. Hii utaweza?" Nikajua mtihani wangu ndio huo.

Fundi wa kuchomelea vyuma pale sokoni Kikima aliniambia niende nibane fimbo kwenye vaisi yake, kile chuma cha kubania vitu, bure kabisa, lakini mimi nikubali kitu bila kukihoji? Nikajitengenezea kibanio: vipande viwili vya mbao, nikavichonga njia ya fimbo katikati, nikavivisha mpira wa tyubu ya baiskeli, nikavikaza kwa bolti mbili. Nikasokota pia waya kwenye msumari ukawa brashi ya kusugua gundi kuukuu ndani ya tundu la kichwa (brashi ilifanya kazi vizuri, tafadhali mkumbuke hilo).

Siku ya ntheo nikatangulia ukweni na vifaa vyangu. Nikapaka gundi, nikatia kichwa, na hapo hapo fimbo ikaanza kuzunguka ndani ya kibanio. Maagizo ya gundi yalisema uvae glavu, upake kidogo, isitikisike kwa dakika tano (nani alipima hizo dakika, na kwenye baridi ya wapi?). Basi nikakaa kwenye kigoda, nikabana mbao kwa mapaja, nikatulia nikiangalia vilima, huku gundi niliyoijaza mara mbili ikiteremka taratibu.

Wazee wetu wakafika mapema na mbuzi watatu. "Mutinda, simama usalimie watu!" akaita baba mdogo.

Nikasimama. Fimbo nayo ikasimama.

"Na hiyo unayoiendesha ni nini?"

"Nimeishikilia tu, baba."

"Si uiachilie."

"Haitaki."

Sasa, sisi Wakamba tuna nthoni, ile haya ya mkwe na mama mkwe: humkaribii, mkikutana unampisha. Nilikuwa nimembishia Mwikali mwezi mzima kwamba hayo ni mambo ya zamani. Mama yake akatoka jikoni na sufuria ya chai, akaniona, akageukia ukuta. Nikaamini nthoni papo hapo. Nikarukaruka kinyumenyume kumpisha, nikanaswa na kamba ya mbuzi, mbuzi akakurupuka, nikaanguka, na suruali ikachanika kutoka zipu hadi goti.

Mama, uso bado ukutani, akaweka sufuria chini, akafungua leso yake kiunoni, akairusha nyuma bila kugeuka. Ikaniangukia kichwani.

Babake Mwikali akaokota fimbo ikiwa na kibanio na kipande kizima cha suruali yangu. Akavuta kichwa. Akakisokota. Akakigonga kwenye jiwe.

"Imeshika," akasema. "Leteni mbuzi."

Sherehe yote niliketi nikiwa nimevaa leso ya mama mkwe, na baba mdogo akaniombea mke kwa sauti iliyokuwa inatetemeka kwa kicheko.

Bado nahoji kila kitu, lakini siku hizi nahoji nikiwa nimevaa glavu, na fundi akiniambia vaisi ni bure, nasema asante. Tatizo limebaki moja. Leso imefuliwa, imepigwa pasi, iko kwangu mpaka leo, maana Mwikali amekataa kuipeleka ("ulirushiwa mwenyewe, irudishe mwenyewe") na mimi, kwa nthoni, mama yule siwezi hata kumkaribia.