Mama Alibakiwa na Neno Moja

Mama yangu alikuwa mtu wa maneno. Nasema bila aibu, maana na mimi nimerithi. Ukipita dukani kwangu mjini, pale Mukendo, ninapouza vitenge na kushona sare za kwaya, utanisikia kabla hujaniona. Lakini mama alinizidi mbali. Kule Butiama ndiye aliyekuwaga anaongoza maombi ya akina mama, na akishaanza kuomba, aliyeacha sufuria jikoni ajue imeungua. Aliomba kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha r kukaa penye l. "Wewe usiyerara," alimwambia Mungu, na hakuna aliyecheka, kwa sababu ulikuwa unaona kabisa kwamba anaongea na mtu aliye macho.

Ugonjwa ulimkuta Bunda, kwenye semina ya akina mama. Alisimama kutoa ushuhuda, akashika meza, akaanguka. Presha. Nilipofika hospitali mkono wa kulia ulikuwa umelala na mdomo umekwenda upande. Nikamwita, "Mama." Akaniangalia vizuri, ile ya kunitambua, machozi yakamtoka, akasema, "Bado."

Nikadhani ananiambia nisilie, bado hajafa. Nikamuuliza kama anaumwa kichwa. "Bado." Nikamuuliza kama anataka maji. "Bado." Daktari, kijana mpole, akanivuta pembeni akanieleza kwamba kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu maneno yake yote kikamwachia moja tu, na hilo moja si mgonjwa anayelichagua. Anakusikia, akasema, na mengi anaelewa, ila chochote atakachotaka kusema kitatoka hivyo hivyo. Hata kichwa akikitikisa msikiamini sana, ndiyo na hapana zimeshachanganyika.

Nikamchukua kwangu Buhare. Siku za mwanzo tulimlisha uji mpaka akaziba mdomo kwa mkono, kwa sababu kila tukimuuliza "Mama, umeshiba?" jibu ni bado. Tulicheka, na yeye alicheka, kwa upande ule mmoja uliobaki. Polepole nikajifunza sauti yake. Bado la kukataa lilikuwa fupi, linakatika. Bado la kutaka kitu alilivuta, likapanda mwishoni. Wanasema kinywa jumba la maneno. Jumba la mama lilikuwa limejaa vile vile, mlango ndio uliobana. Nilikuwa naingia jikoni kulia, halafu narudi na kikombe.

Sasa hapa lazima nieleze desturi ya kanisa letu, maana wengine huwa wanatushangaa. Kabla ya Meza ya Bwana, kila mshiriki anaonana na wazee wa kanisa. Unaingia, unakaa, unaulizwa swali lile lile waliloulizwa bibi zetu: "Una amani na Mungu na watu?" Ukijibu, "Nina amani na Mungu na watu," unakaribishwa. Asiye na amani anangoja, akapatane kwanza. Halafu siku yenyewe tunaoshana miguu kwenye mabeseni, wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, ndipo tunakula mkate. Mgonjwa anafuatwa nyumbani. Mimi hilo jibu nilikuwaga nalitoa kama mtu anayeitikia marahaba.

Basi Meza ikakaribia, mzee wa kanisa akaja Buhare kumuona mama. Ni mtu mwema, na nataka ieleweke hivyo. Ndiye aliyenisimamia siku ya ndoa yangu, na baba yangu alipokufa alikuja Butiama kwa miguu kutoka barabarani, mvua inanyesha. Alikuja na kile kikasha chake cha mkate na kikombe, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Mama, Bwana asifiwe."

"Bado," mama akasema. Mzee akatabasamu, nilikuwa nimeshamweleza. Kisha akauliza lile swali, polepole, kwa heshima.

"Bado."

Akarudia, akimshika mkono ule mzima. "Bado," mama akasema, na alikuwa analia.

"Mzee, nilikwambia," nikasema. "Hana neno jingine."

"Najua, binti yangu. Lakini swali si langu. Nikimjibia, nitakuwa nimeitolea ushahidi nafsi ambayo siioni. Kwani hakuna mtu ambaye ana neno naye?"

Mtu alikuwepo, ila sikumtaja.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama ndiye mkubwa. Baba alikufa bila kubatizwa, na pale msibani mama alitaka azikwe kwa nyimbo za kanisa. Mama mdogo akasema hapana, mume wetu hakuwahi kuingia humo, azikwe na ukoo, karibu na zizi, kama baba yake. Wazee wa ukoo wakamuunga mkono mama mdogo. Tangu siku ile wale wanawake hawakusalimiana, na milango yao inatazamana kwenye uwanja mmoja. Moshi wa jiko la huyu uliingia kwa huyu, salamu hazikuingia.

Mzee alipoondoka na kikasha chake nilibaki nimekaa. Nitasema wazi, niliogopa. Je, kama lile neno ni ugonjwa kwenye uji na maji, lakini kwenye amani ni kweli? Mtu aliyenifundisha kupiga magoti, aliyenishika vidole akavikunja ili niombe, kama yeye hana amani na Mungu, mimi nina nini? Nilishona sare ya kwaya nzima wiki ile na sikumbuki hata rangi yake.

Nikaenda Butiama. Nilimkuta mama mdogo uani anamenya muhogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Anasemaje?"

"Hasemi. Amebakiwa na neno moja tu."

"Lipi?"

"Bado."

Akaacha kisu. "Hilo ndilo alilokuwaga ananiambia tangu nimeolewa," akasema. "Nafagia, anasema bado. Napika, anakuja kufunua chungu, anasema bado. Kumbe Mungu ameona amwachie hilo hilo." Akacheka mpaka mabega yakatikisika, halafu akajifuta macho kwa kiganja chenye wanga wa muhogo, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Tulipofika Buhare walitazamana muda mrefu, nami nimesimama mlangoni. "Bado," mama akasema. Na mama mdogo, badala ya kunyamaza kama miaka yote ile, akamjibu kwa lugha ya nyumbani, maneno mengi, yasiyo na msamaha wala lawama ndani yake. Alimweleza ng'ombe gani amezaa, paa la nani limeezuliwa na upepo, mtama umekuwaje. Kila akipumua mama anasema bado, naye anaendelea, kama watu wawili wanaoongea kweli.

Kisha akafunua shuka, akaona miguu. Akanigeukia mimi. "Hii miguu mnaiachaje hivi? Uko mjini unashonea watu manguo, halafu mama yako visigino kama mchunga ng'ombe. Lete beseni."

Nikaleta beseni. Akapiga magoti na kanga yake kiunoni, akaitia miguu ya mama kwenye maji ya vuguvugu, akaisugua kwa jiwe, kidole kwa kidole, akiendelea kuninung'unikia. Akaikausha. Akaipaka samli aliyokuja nayo kwenye chupa. Mwanamke yule hajawahi kuingia kanisani kwetu hata siku ya arusi yangu, alibaki nje na wapishi. Hakujua anafanya nini. Mimi nilijua. Alipotaka kuinuka, mama alimshika kanga kwa mkono wa kushoto asimwachie, na mama mdogo akabaki pale pale chini mpaka mama akasinzia.

Nikamfuata mzee wa kanisa nyumbani kwake, nikamsimulia yote. Alisikiliza, nikaona macho yanamlegea. "Ni jambo kubwa," akasema. "Nitakuja kumuuliza tena."

"Kumuuliza nini tena, mzee?"

Lakini alikuja. Alikaa kwenye kigoda kile, akauliza swali lile. Mama hakumtazama yeye, alitazama kikasha. "Badoo," akasema, akalivuta, likapanda mwishoni.

"Mzee, hilo ni bado la kutaka," nikamwambia. "Anakitaka hicho kikasha. Mpe."

Alikuwa amekwishakifungua. Mkate ulikuwa mkononi mwake, nikauona. Akanitazama mimi, akamtazama mama, akaurudisha. "Mimi sijui kuyatofautisha, binti yangu. Ngoja nizungumze na mchungaji." Mama alikifuata kikasha kwa macho mpaka kilipotoka mlangoni.

Mchungaji hakuwa na shida. Alisema mama yule apewe, tena apewe haraka, Jumapili baada ya ibada waende. Mzee akanipigia simu kunipa habari hiyo na sauti yake ilikuwa ya furaha. Mama akafa Jumamosi asubuhi, uji wake uko jikoni.

Mama mdogo akaja kutoka Butiama, tukamuogesha mimi na yeye. Akina mama wa kanisa walipokuja na kutaka kushika kazi hiyo, niliwaambia imekwisha. Tulimpeleka Butiama, akazikwa kwa nyimbo zote alizozipenda, na mama mdogo alisimama katikati ya waimbaji bila kujua hata wimbo mmoja. Mzee wa kanisa aliomba sala nzuri. Watu walilia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, tena ya kukereketa, na haikuwa ya kifo, maana mama alikuwa mzee na amechoka. Ilikuwa ya mkate ule. Mtu ameililia Meza maisha yake yote, mkate unafika mpaka kitandani kwake, unarudishwa kwenye kikasha.

Miezi ile nilikwenda kanisani kama kawaida. Nyumbani nikipiga magoti maneno yalikataa. Mimi, mtoto wa yule mama! Nilikuwa nakaa tu kwenye mkeka, mikono nimeikunja vile alivyonifundisha, sisemi kitu. Mara nyingine nilihisi Mungu naye amekaa kimya hapo na mimi. Mara nyingine sikuhisi chochote, nikainuka kwenda kupika. Ila sikuacha kukaa. Zamani nilikuwa na sala ndefu na sikungoja chochote baada yake, sasa ndiyo nilikuwa nangoja.

Ikafika tena wiki ya kuonana na wazee. Nikaingia, nikamkuta ni mzee yule yule amekaa katikati. Ameanza kuchoka, mzee wa watu, koti limekuwa kubwa.

"Una amani na Mungu na watu?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, ni jepesi kweli lile jibu. "Na Mungu tunakwenda taratibu," nikasema. "Na watu, sina. Sina amani na wewe, mzee."

Wenzake wakatazama chini. Yeye hakukasirika wala hakujitetea. "Ni kwa ajili ya mama?"

"Ni kwa ajili ya mama. Ulikuwa na mkate mkononi."

Akavua miwani, akaishika. "Nilikuwa nao," akasema.

Nikatoka. Desturi ni kwamba asiye na amani angoje, kwa hiyo Jumapili nilikwenda nikakaa benchi la nyuma, peke yangu, nikijua watu wananihesabia dhambi. Mbele meza imetandikwa, mabeseni yamepangwa, wazee wamesimama kuhudumu. Nikaona pengo kwenye mstari wao. Kisha nikamuona mzee yule anakuja katikati ya kanisa, anatembea kinyume na watu wote wanaokwenda mbele kwenye mabeseni, mpaka akafika benchi langu, akakaa mwisho wa upande wa pili.

"Mzee," nikamnong'oneza, "wanakungoja mbele."

"Wewe huna amani na mimi," akasema. "Mimi yangu nitaitoa wapi?"

Akina mama wakaanza kuvua viatu. Nikasikia maji yanamwagwa, na pale ndipo nilipomlilia mama yangu, kwa mara ya kwanza tangu afe, sikujali nani anageuka. Mzee naye alikuwa analia, bila sauti, kitambaa amekikunja mkononi. Hakuniomba radhi na mimi sikumwambia yamekwisha, kwa sababu yalikuwa hayajaisha. Watu walipokwisha kurudi kukaa, sinia ya mkate ilipita benchi kwa benchi, ikafika lile la mbele yetu, ikageuzwa. Nikamwona anaifuata kwa macho. Tulikaa pale wote wawili mpaka mkate ukaisha.