Umubirizi wa Bibi na Siku za Hospitali

Umubirizi, mti wa majani machungu, ukiufikicha mikononi unatoa harufu kali ya kijani, inayofika nyuma ya ulimi kabla hujaonja chochote. Mwaka niliokuwa na miaka kumi, nyumba yetu ya Kamembe ilinuka umubirizi kila asubuhi, na aliyeufikicha ni mimi. Nilichuma majani nyuma ya jiko, nikayafikicha ndani ya maji hadi povu lipande, nikachuja kwa kitambaa na kumpelekea Bibi kopo zima. Bibi, mama yake mama yangu, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikunywa kopo lile akiwa amesimama, kwa mkupuo mmoja, bila kukunja uso hata kidogo. Kisha alimeza kidonge alichopewa hospitalini, akasema bismillah ya pili kwa ajili ya kidonge, maana aliona hizo ni dawa mbili zilizotoka kwa watu wawili tofauti. Baada ya hapo aliketi kwenye cherehani yake. Desemba ndio ulikuwa msimu wake: shule zilifunguliwa Januari, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walivaa kaki iliyopita chini ya sindano ya Bibi.

Umubirizi ulikuwa siri yetu, na siri hiyo ilikuwa na ratiba. Mara moja kwa mwezi Bibi alikwenda hospitali kupimwa sukari, nami nilimsindikiza nikiwa nimebeba kadi yake ndani ya mfuko wa nailoni. Siku tatu kabla ya kwenda, aliacha majani kabisa. Aliogopa daktari angesikia harufu kwenye pumzi yake, amkaripie mbele ya foleni, kama alivyowahi kuona mwanamke mmoja wa Nzahaha akikaripiwa mpaka akalia. Kwa hiyo alifika pale akiwa msafi, amevaa mtandio wake mzuri, na sukari imepanda. Daktari alitazama namba, akatikisa kichwa, akamwongezea dawa. Tulirudi nyumbani, na kesho yake asubuhi nilifikicha umubirizi kama kawaida. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo. Nilihesabu vidonge vikitoka nusu hadi kimoja, kisha viwili, na kichwa changu cha mtoto kilifurahi: nilidhani vidonge vingi maana yake ni kupona haraka.

Likizo ya Desemba, wiki moja baada ya kuongezewa mara ya mwisho, Mama akiwa amevuka mpaka kwenda Bukavu kununua vitambaa, nilimkuta Bibi akishona shingo ya shati. Namaanisha alikuwa akiiziba. Alishona kola ya kushoto na ya kulia pamoja, mstari ulionyooka kabisa, huku jasho likimdondoka kwenye kaki. Nilicheka, nikidhani ananitania, kwa sababu Bibi alikuwa mtu wa utani. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Hapo nikafanya kitu pekee nilichojua kukifanya mtu akiugua nyumbani kwetu: nilikimbia nyuma ya jiko, nikafikicha umubirizi, mzito kuliko wa kila siku, nikamnywesha. Alikunywa nusu kopo. Nilidhani namwokoa.

Jirani yetu Maman Solange, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu na kurudi na watoto wake, alinisikia nikilia. Aliingia, akamgusa Bibi shingoni, akatoka nje kuita pikipiki mbili. "Hadija, kamata kadi yake, twende," akaniambia. "Utalia kule." Alipanda nyuma ya Bibi, akamkumbatia kiunoni kama mtoto mchanga, na mimi na dereva wa pikipiki ya pili tukateremka nyuma yao.

Hospitalini walimtundikia maji ya sukari. Sijaona tena jambo la haraka namna ile: kabla chupa haijafika nusu, Bibi alifumbua macho na kuuliza nani amefunga mlango wa nyumba. Daktari yule yule aliyemwongezea dawa alisimama kando ya kitanda, kijana mwenye miwani, uso umechoka. Kwa Maman Solange alisema, "Sukari ilishuka sana. Sijaelewa. Hizi dawa peke yake haziwezi kumushusha hivi." Akamgeukia Bibi. "Mukecuru, kuna kitu ingine unakunywaka kule nyumbani?" Alimwita hivyo kwa heshima, kama wanavyoitwa wanawake wazee kwetu.

"Hapana, Docteur," Bibi alisema, na akanikata jicho.

Sikulelewa kumkanusha mkubwa, na zaidi ya hapo, kusema kulimaanisha kueleza lile kopo la mwisho. Niliogopa mno. Lakini daktari alikuwa ameshageuka kuondoka, na nilijua kesho asubuhi nitaamshwa kufikicha.

"Anakunywaka umubirizi," nikasema. "Kila siku, kopo muzima. Siku za kuya hapa ndio anaachaka, juu anabaogopa. Na leo nimemupa ingine. Ni mimi."

Nilingoja makaripio. Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda, akavua miwani. "Mukecuru, majani yako inafanya kazi," akamwambia Bibi polepole. "Inashusha sukari. Na dawa yangu inashusha. Zote mbili pamoja ndio zimekuangusha. Ungeniambia, nisingekuongezea." Kisha akaniambia kwamba sikumuua mtu, kwamba nilimletea jibu alilokuwa akilitafuta. Nililia hapo kwa sauti, mbele ya kila mtu.

Bibi hakunisemesha siku nne. Siku ya tano alinipa wembe na shati lile lililozibwa shingo, akaniambia nifumue uzi bila kukata kitambaa. Nilikaa karibu naye asubuhi nzima, na ndivyo tulivyopatana. Umubirizi aliuacha, kwa kinyongo. Daktari alipunguza vidonge na kuanza kumpima upya kila wiki, na safari hii namba zilikuwa za kweli. Kwenye foleni Bibi alikuja kuwa msumbufu: aliwauliza wanawake wa Nkanka na Nzahaha, bila aibu, wanakunywa majani gani, na akawaambia waingie wakayataje. Aliishi akashona sare ya mwanangu wa kwanza.

Siku hizi naishi Gihundwe, na mimi mwenyewe natibiwa presha. Mambo yamebadilika, na yamebadilika kuwa mema. Muuguzi wangu, binti mdogo, huuliza kuhusu majani kabla hajaninyooshea mashine, kwa sauti ile ile anayoulizia uzito. Watu huja na majani yao kwenye mifuko, wanayaweka mezani, wanaambiwa hili lina shida na dawa yako, hili halina, hili hatujui, liache kwanza. Hakuna anayelia.

Mwezi uliopita aliniuliza kama kawaida. Nilikuwa nimemaliza wiki mbili nikinywa maji ya kitunguu saumu, na nikajisikia nikisema, "Hapana." Nilishangaa jinsi neno hilo lilivyotoka kwa urahisi. Alikuwa ameshaanza kugeuza ukurasa.

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Nimekudanganya."