Mbwa wa Shamba la Ufuta

Nilimkuta asubuhi ya Jumamosi, mpakani mwa shamba letu la ufuta, nilipokwenda kuokota kuni. Alikuwa amelala ubavu, nzi wamemjaa usoni, nikadhani amekufa. Nilipomsogelea akafungua jicho moja. La pili lilikuwa limevimba hata halionekani. Mguu wake wa mbele ulikuwa umevunjika, na mgongoni alikuwa na jeraha refu, limeachama.

Mimi sikuwa mpenzi wa mbwa. Nyumbani kwetu, huku Mkange, mbwa hufukuzwa asikaribie vyombo wala mkeka wa kuswalia. Lakini yule alinitazama, nami nikashindwa kuondoka. Nilivua kanga ya juu nikamfunika, nikambeba kama mtoto. Alikuwa mwepesi mno.

Baba alikuwa uani, anachonga mpini mpya wa jembe. Tunaishi wawili tu tangu mama alipofariki. Mimi nafundisha shule ya msingi, yeye analima. Alipoona nilichobeba akasimama, kisu mkononi. Nilijua atanifukuza.

"Yu hai?" akauliza.

"Yu hai, baba."

Aliweka kisu chini. Kisha akasema, "Mweke kwenye banda la kuku la zamani." Akaingia jikoni, akatoka na chungu kilichopasuka mdomo. "Hiki kiwe chake. Usikichanganye na vyetu."

Bwana mifugo alikuja mchana kwa pikipiki. Alishona mgongo, akamdunga sindano, akaufunga mguu kwa fito mbili na kitambaa. Alituambia tumwangalie siku kumi. Tukimwona anatokwa mate ovyo au anang'ata hewa, tusimguse tena, tumwite. Alipokuwa ananawa akatikisa kichwa. "Huyu hakugongwa na pikipiki, mwalimu. Huyu kapigwa na mtu. Tena kapigwa sana."

"Mtu gani ana roho ya namna hiyo?" nilisema.

Baba alikuwa ameinama, anatazama miguu yake. Nilidhani ni huruma.

Basi nikawa muuguzi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimwosha jeraha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, nikampaka dawa, nikamlisha uji wa dona wenye dagaa waliotwangwa. Siku za mwanzo nilimdondoshea mdomoni kwa kijiko. Baba ndiye aliyeteka maji. Baba ndiye aliyechana kanzu yake kuukuu tupate vitambaa. Lakini bandani hakuingia. Aliviweka mlangoni akaenda zake. Nilijisemea, ni mtu wa swala, anakwepa najisi.

Siku kumi zikapita, mbwa hakuonyesha dalili yoyote. Wiki ya tatu akasimama. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu. Alitoka bandani akichechemea, akaja kulala kivulini karibu na mafiga, mimi nikikoroga uji.

Hapo ndipo baba alipotokea, anarudi shamba, jembe begani.

Mbwa alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama. Ulikuwa kama wa mtoto aliyeungua. Alijikojolea palepale, akajikokota kwa tumbo, akajibana nyuma yangu hata nikahisi anavyotetemeka kwenye mguu wangu.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Baba, weka jembe mbali, anaogopa jembe!"

Baba aliliweka jembe chini polepole. Halafu akakaa. Alikaa kwenye vumbi, bila mkeka, bila kigoda, mtu ambaye sikuwahi kumwona akikaa hivyo.

"Haogopi jembe," akasema. "Ananiogopa mimi."

Sikuelewa. Nadhani sikutaka kuelewa.

"Watu walikuwa wanazungumza habari za mbwa mwenye kichaa. Huyu akatokea kwenye ufuta, anakuja upande wangu. Nikampiga. Akaanguka." Akafuta uso kwa kiganja. "Ningeishia hapo, ningesema nilijikinga. Lakini yeye aliacha kunijia, mwanangu. Mimi sikuacha. Mpini ukavunjika, nikaendelea na kipande kilichobaki. Sijui nilikuwa nampiga nani."

Uji uliungua. Niliusikia ukiungua, nikaona moshi, lakini mkono wangu haukusogea. Huyu ni baba ambaye hakuwahi kunichapa hata kofi. Akikuta nge ndani humtoa kwa ufagio, akamwachia nje. Nilitazama mikono yake, ile iliyonifundisha kushika kalamu, nikaona kama ni ya mtu mwingine aliyevaa nguo za baba.

"Na ukaniacha niulize mbele ya bwana mifugo," nilisema. Ndilo neno pekee lililonitoka.

"Nilikuacha."

Asubuhi yake, kwa mara ya kwanza maishani, nilimpita uani bila kumwamkia. Nilikuwa nimefika mlango wa ua niliposikia sauti yake nyuma yangu.

"Marahaba," akasema, kana kwamba nimemwambia shikamoo.

Nilisimama. Sikugeuka. Siku nzima darasani nilikuwa naandika ubaoni nasahau naandika nini.

Hatukuwahi kulizungumza tena. Shikamoo ilirudi baada ya siku chache, kavu kwanza, kisha ya kawaida. Mbwa alipona, anachechemea, na mgongoni pana mstari usioota manyoya. Baba alijaribu kumlisha mwenyewe. Aliweka chungu, akarudi nyuma hatua nyingi, akachuchumaa. Mbwa hakuja. Alisubiri mpaka baba aingie ndani, ndipo akala. Ikawa hivyo kila siku, na baba hakulalamika.

Mwezi uliofuata nilimkuta anabomoa sehemu ya ua upande wa nyuma, penye migomba.

"Unafanya nini, baba?"

"Naweka mlango. Nitakuwa napitia huku nikitoka shamba, nisimshtue."

Ni njia ndefu, na yeye ni mzee. Nilitaka kumwambia si lazima. Badala yake nikamshikia nguzo, wima, mpaka alipomaliza kushindilia udongo.